Jumatano Mbili

Barua ya kuifunga redio yetu ilikuja na maneno matamu. Serikali iliyokuwa ikitulipa, huko ng'ambo, ilitushukuru kwa utumishi wetu na kutupa wiki sita. Mimi, Yi Mon, nimesoma salamu kwenye masafa mafupi miaka kumi na tisa, kutoka mji huu wa mpakani upande wa Thailand, kwa Waburma wenzangu walio ng'ambo ya mto. Nilichoka kabla sijafika kwenye sahihi.

Asubuhi ya mwisho walitupunguzia tena. Badala ya nusu saa nilipewa dakika kumi, zile ishirini za mwanzo zikaenda kwa mkurugenzi na hotuba yake ya kuaga. Nani anapanda kilima alfajiri na redio ya betri ili asikilize hotuba ya kuaga? Lakini nilinyamaza. Mwaka huu nimenyamaza sana.

Salamu zetu hazitaji majina, maana jina linaweza kumponza mtu. Tunataja siku ya kuzaliwa: kwa mwana wa Jumatatu, kutoka kwa dada wa Ijumaa. Msituni mtandao umekatwa, kwa hiyo kila mmoja hutega sikio asikie siku yake. Kwa miaka yote hiyo meza yangu ilikuwa na mafungu manane ya barua, si saba, kwa sababu kwetu Jumatano ni mbili, ya asubuhi na ya mchana. Hata mtoto hazichanganyi.

Siku ile meza ilikuwa imeshabebwa na watu wa mnada. Barua zote nilizishika mkononi.

Kwenye kiti cha wageni studioni aliketi Daw Hla Tint, anayeuza majani ya chai yaliyochachushwa sokoni kwetu. Kijiji chake kilichomwa mwezi uliopita, akavuka mto na majirani. Mwanawe yuko milimani na hana habari. Kila mwaka, sikukuu ya taa inapofika, huteremka kijijini kumwinamia mama yake. Safari hii wanajeshi wamepiga kambi kwenye daraja la njiani, wanawangoja vijana kama yeye.

"Mwalimu, ya kwangu uisome polepole," aliniambia; ndivyo wasikilizaji wanavyoniita.

"Mama, nina dakika kumi na barua arobaini. Hiyo polepole niitoe wapi?"

"Mnyang'anye mkurugenzi. Yule anaongea kama analipwa kwa neno."

"Si ndivyo anavyolipwa!"

Tulicheka. Taa nyekundu ikawaka, nikaanza kusoma mbio mbio, nikikata maneno popote palipokatika.

"Kwa mwana wa Jumatano, kutoka kwa mama wa Alhamisi: usije sikukuu hii, tumehama, baki ulipo."

Barua mbili baadaye nikasoma: "Kwa mwana wa Jumatano, kutoka kwa mama wa Alhamisi: njoo sikukuu hii, usikose, njia ni shwari."

Wimbo wa kufunga ulipokwisha, Daw Hla Tint alikuwa amesimama.

"Hukusema mchana," alisema. "Wangu ni wa Jumatano mchana. Na yule mwingine?"

Nikaitazama barua ya pili. Mwenyewe alikuwa ameandika Jumatano asubuhi, na kupiga mstari chini ya neno asubuhi.

Nikampigia Prasert, fundi wa mtambo wa kurushia matangazo.

"Kaka, niwashie. Dakika moja tu."

"Nimeshazima, dada. Wamenidai hadi picha ya swichi iliyozimwa."

"Mtoto wa mtu atauawa kwa kosa langu."

"Unataka nifukuzwe kazi?"

"Kazi gani, kaka? Si tumefukuzwa wote?"

Nikasikia akirudi kwenye swichi. "Haya. Nipe dakika saba, mtambo upate moto."

Nilisoma marekebisho mara tatu, polepole kama alivyoomba. Lakini wasikilizaji wetu nawajua. Wimbo wa kufunga ukianza tu, redio inazimwa, betri zinatolewa na kufungwa kwenye nailoni. Ni sisi tuliowafundisha, kila wiki, miaka kumi na tisa.

"Amesikia?" Daw Hla Tint aliuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Sijui, Mama."

Alitikisa kichwa, akaanza kukaza kamba ya kikapu chake.

"Unakwenda wapi?"

"Mwanangu hupitia mashamba ya ufuta, kabla ya daraja. Nitakaa pale, anikute mimi kwanza."

"Watakukamata!"

"Mimi? Bibi wa majani ya chai? Watanikopa tu, hawalipi."

"Huko ni mwendo wa siku mbili, na sikukuu ni keshokutwa."

"Basi usinicheleweshe, Mwalimu. Na usilie. Umekosea mara moja."

Nilitaka kumwambia twende wote. Miguu ninayo, mwavuli ninao, kazi sina tena. Maneno yalifika mdomoni yakarudi, kwa sababu niliogopa, na woga wangu niliuita uchovu. Nikampa wali na samaki niliojifungia kwa chakula cha mchana. Aliupokea kwa mikono miwili, akashuka ngazi kuelekea mtoni, nami nikabaki mlangoni, salama.