Ulinikuta Sehemu ya Tatu

Vumbi la karatasi si vumbi la barabarani. La barabarani huja na upepo na kuondoka na ufagio. La karatasi hutoka kwenye makali ya kisu, jeupe, jepesi, likapanda kwenye mwanga wa dirisha likakaa hapo, halishuki, halina haraka. Linaingia puani, linaingia kwenye chai, linalala juu ya nyusi. Wewe ulinikuta nimejaa vumbi hilo, fundi, ukasema linanipendeza. Ulikuwa uongo mtamu, nami nikaupokea kwa mikono miwili.

Ulikuja kutengeneza friji. Karakana yangu ya kujalidi vitabu ina friji moja, ya gundi na soda, na siku hiyo gundi ilikuwa imechacha hadi majirani wanaziba pua. Ulipiga magoti, ukabandika sikio kwenye mota, ukafumba macho, ukasikiliza. Nikajiambia, anayeisikiliza mashine hivi, mke atamsikiliza vipi? Ndiyo hesabu niliyoipiga, na niliipiga vibaya.

Ulinikuta sehemu ya tatu, fundi. Ngoja nikueleze, maana siku ile sikusema.

Pale karakana kwangu, sisi wasomaji wa riwaya tuna mtindo wetu. Kikipatikana kitabu kinene cha majoka na falme, nakala moja tu, na wasomaji wanne wanakimezea mate, hatukai foleni. Ninakilaza mezani, nakipasua mgongo, nakigawa sehemu nne, na kila sehemu naishonea jalada lake la kadibodi. Halafu kura. Atakayeokota mwanzo, bahati yake. Atakayeokota katikati atajijua. Atakayeokota mwisho afunge mdomo, maana anayetoboa mwisho haitwi tena. Jumamosi alasiri tunakutana, kila mtu anatoa maoni juu ya sehemu yake, kisha tunabadilishana. Mimi sipigi kura. Nasoma ninapokata, nawatangulia wote.

Watu wa nje hutucheka, kitabu kukatwa kama mkate. Hawajui utamu wa kumkuta mtu katikati ya maisha yake ukaanza kukisia alikotoka. Kukisia ndiyo raha yenyewe. Kuhukumu hatukatazi, ila hukumu ya mtu wa katikati tumezoea kuipokea kwa chumvi, kwa sababu wiki ijayo ataokota mwanzo na ataona haya.

Kitabu kile kilikuwa kinene kuliko tofali. Mji umejengwa juu ya joka lililolala, na mwanamke mmoja kapewa kazi ya kuliimbia lisiamke. Sehemu ya kwanza akaiokota wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ya pili, Nesi. Ya nne, dereva wa lori ambaye tunamwita Ramani, kwa sababu hafungui riwaya kabla ya kukagua ramani yake. Na wewe, mgeni wetu, mchumba wangu, ukaokota ya tatu. Mama yako ulikuwa umekwisha kumwambia. Kaka yangu nilikuwa nimekwisha kumwambia. Ilibaki kutaja siku ya ndoa, na tulikubaliana tuitaje pale pale karakana, kitabu kikishazunguka, mbele ya watu wetu. Nililala vizuri siku zile. Nasema wazi, nilikuwa na furaha.

Ikaja Jumamosi. Ramani akaanza, na kwa kuwa alikuwa na mwisho mkononi, alisema umbali tu. "Jeshi limetoka milimani alfajiri, jioni liko pwani. Kwa miguu, na ngao mgongoni. Mimi na lori langu nalala njiani."

"Hilo dogo," Nesi akasema. "Kwangu mtu kachomwa mkuki wa tumbo, ukurasa unaofuata yuko juu ya farasi, anatongoza. Hata bandeji hakuna. Afadhali hiki ninachosoma nyumbani, cha visiwa vinavyoelea. Kule angalau watu wanaumwa kwa utaratibu."

"Mimi cha kwangu kimenishinda," wifi akasema. "Binti anacheka tu. Anacheka akifua, anacheka akichota maji. Mwenye akili zake hacheki hivyo." Akanitazama, akafungua soda.

Kisha zamu yako. Ulikohoa, ukaweka kadibodi juu ya goti, ukapendeza, kwa kweli ulipendeza. Ukasema, "Huyu mwanamke ni friji iliyoungua mota. Ukifungua mlango taa inawaka, unadhani nzima, kumbe ndani kila kitu kimeoza. Kijana wa watu kaja kumpigia magoti, imba mara moja tu, mji upone. Kakataa. Kamtukana na mama yake. Mimi ningekuwa yeye ningemfungia humo ndani na joka lake."

Watu wakacheka, kwa maana ilichekesha. Nami nilicheka kidogo.

Wifi akasema, "Ndivyo walivyo wajane wa vitabuni."

Nesi akainamia kikombe. Ramani akaikagua dari kana kwamba ina barabara. Nami nikakutazama wewe, wewe tu, nikingoja uinue uso. Ukacheka. Si kwa sauti. Kwa pua, kicheko kifupi cha mtu anayetaka kupendwa na ukoo. Iliniuma, fundi. Iliniuma mahali ambapo nilidhani pamekwisha kufa.

Ulinikuta sehemu ya tatu, nawe hukukisia.

Nitakusimulia sehemu ya kwanza, maana sasa umeisoma lakini hukuisoma. Binti yule anacheka. Kuimba kwake si kazi, ni tabia ya mdomo, anaimba kama wengine wanavyopiga miayo. Anaolewa na mwashi wa mawe, mtu wa kuja, asiye na ndugu mjini. Siku moja joka linageuka usingizini, nyumba zinapasuka, na wakubwa wa mji wanakaa kikao: joka linataka mtu. Nani hana wa kumlilia? Wanamchukua mwashi wakati mkewe yuko kwenye kiti chake anaimba, anaimba kuwaokoa wao, na wimbo wake ndio unaoifunika sauti ya mumewe anayemwita. Kesho yake wanamletea mikate na asali. Wanamwambia, unaimba vizuri mno, mama, tafadhali usiache.

Na yangu? Yangu ni fupi. Mume wangu alianguka kutoka jukwaani akichora bango la sabuni, ghorofa ya nne, mkono mmoja bado umeshika brashi. Tulikuwa watu wa kucheka sisi. Jirani alikuwa akigonga ukuta kwa fimbo ya ufagio, tunyamaze, alale. Udongo haujakauka, wifi akaja na gari la mizigo. Wakabeba kitanda. Wakabeba cherehani. Wakabeba hadi pazia, na fimbo ya pazia. Mimi nikawachemshia chai, kwa kuwa walikuwa wageni na jua lilikuwa kali. Wifi akanywa, akaweka kikombe chini, akasema, "Wewe mwanamke mvumilivu, Mungu akuzidishie."

Mungu alinizidishia. Nikaacha kucheka, nikajifunza kisu.

Baada ya mwanzo huo, mwanamke wa kitabuni anakataa kuimba, wewe unamwita friji. Baada ya mwanzo wangu, mimi nazungumza kwa ufupi, sipendi kuguswa mabega bila taarifa, nafunga mlango mara mbili. Ulikuwa ukisema, taratibu, kwa upendo, "Una ukali kidogo, mpenzi." Nilidhani unakisia. Kumbe ulikuwa unatoa maoni.

Basi nikameza. Aliyekula wembe haulizwi kwa nini hasemi. Nikakusanya vikombe, nikasimamia mabadilishano, na kwa mkono wangu nikakupa sehemu ya kwanza. Hapo hatukupiga kura. Nilisema, mgeni apewe mwanzo, na hakuna aliyebisha. Nilikupa mwanzo kama mtu anavyompa daktari mkono: hapa ndipo panapouma, bonyeza taratibu. Kila siku nilijiambia, akisoma ataelewa. Akielewa atakuja. Akija nitamsamehe hata kabla hajakaa, na siku itatajwa.

Ukaja. Hukungoja Jumamosi, ulikuja katikati ya wiki, shati limetoka nje ya suruali, macho mekundu. Nilikuwa nashona mgongo wa kitabu cha kanisa. Nikaiweka sindano chini.

"Nimemaliza," ukasema. "Nimelia. Mimi, mwanamume mzima."

"Naona," nikasema, na moyo wangu, mjinga huyu, ukasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Nimempenda yule binti. Kile kicheko. Yaani mwanamke kama yule ndani ya nyumba, hata ukirudi umechoka unapona." Ukavuta kiti ukanishika mikono, hukunipa taarifa. "Wifi yako kaniambia na wewe ulikuwa hivyo. Anasema mlikuwa mnacheka hadi jirani anagonga ukuta. Kwa nini mimi hukunipa yule? Sikulaumu. Ila tukioana, jaribu kurudi kidogo. Kwa ajili yangu."

Nilikutazama sana, fundi. Nilitafuta usoni kwako mahali walipombeba mwashi. Sikupaona. Ulikuwa umezisoma kurasa zile, zile za mikate na asali, ukazipita kama Ramani anavyopita kijiji kisicho na kituo cha mafuta. Ulichokitoa humo ni kicheko tu. Wifi aliichukua cherehani; wewe ulitaka kuja kuchukua kile alichokisahau.

"Nitaona," nikasema.

Ulifurahi. Ukanibusu kwenye nywele, vumbi likakuingia puani, ukapiga chafya, ukaenda zako unapiga mluzi.

Nikafanya kazi. Wiki mbili zikapita, sehemu zote zikazunguka, wewe tu ndiye uliyesema mwanzo umekutosha na hukugusa nyingine, na desturi yetu kitabu kikiisha kuzunguka nakishona upya kikawa kimoja, anayekitaka akakipata. Wewe ulikitaka. Ulimwambia kila mtu, kitabu hiki ni changu, nitakiweka sebuleni kwetu. Sebuleni kwetu, ulisema, na Nesi akatabasamu.

Nilichagua kitambaa chekundu, kile kizuri, ninachowawekea mawakili. Nikaishona sehemu ya kwanza peke yake. Nikaipigia herufi za dhahabu mgongoni, nikaipa utepe wa kuwekea alama. Ilitoka nyembamba na maridadi, imeanza na kicheko cha binti na imeishia, kwa kuwa nilijua pa kukata, asubuhi moja kabla joka halijageuka: mwashi ananawa mikono kwenye beseni, mkewe yuko mlangoni anacheka. Kurasa za mikate na asali nilizitoa, nikaziunga na zinazofuata.

Halafu nikazishona zile nyingine. Usidhani nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilizishona kwa kitambaa kile kile, dhahabu ile ile, uzi ule ule wa kitani. Kitabu cha pili kikatoka kinene, kizito, kimeanza pale joka linapogeuka. Nikaviweka vyote viwili mezani, ubavu kwa ubavu.

Jumamosi ikafika. Wifi alikuja na blauzi mpya, tayari kwa kupiga vigelegele. Ramani alileta soda kreti nzima. Nikakupa kile chembamba, mkononi mwako, mbele yao.

Ukakipima. "Mbona chepesi?"

"Fungua mwisho," nikasema.

Ukafungua. Ukasoma kwa sauti, kwa ile sauti yako nzuri, beseni, maji, mlango, kicheko. Ukageuza, ukakuta karatasi nyeupe. "Na baadaye?"

"Huyo hana baadaye. Huyo ndiye uliyemtaka. Hafiwi, hafungi milango, hakati vitabu. Atakuchekea hadi uzeeke. Muoe yeye."

Wifi aliacha kutabasamu. Wa kwanza kuelewa alikuwa yeye, na hilo sitalisahau. Nesi akasema taratibu, "Jamani." Ramani akasimama, akakosa pa kwenda, akakaa.

"Na hiki cha pili?" ukauliza, ukikionyesha kwa kidevu.

"Hicho ni mimi," nikasema. "Kiko hapo. Chukua vyote viwili, tutaje siku. Sijakificha."

Nilisema hivyo, fundi, kwa maneno hayo hayo, na watu watatu walisikia. Sijapata kusema neno la wazi kuliko lile maishani mwangu. Mkono wako ulikuwa umbali wa kikombe tu kutoka kwenye jalada lile. Nilikuwa na ukali wote ule, na uzi mzima ule, na bado ungekigusa kwa kidole ningelia mbele ya wifi na kukusamehe kila kitu.

Ulikitazama unene wake. Niliona ukipiga hesabu, kama mtu anayeiangalia friji kuukuu akijiuliza kama inastahili mota mpya. Ukasema, kwa upole, kwa upole kweli, "Hicho nitakisoma siku nyingine."

Ukakiweka chembamba kwapani, ukanishukuru kwa kazi nzuri ya mikono, ukatoka. Dirishani nilikuona ukisimama kando ya barabara, umeshakifungua, unasoma, na unatabasamu.