Jina Chini ya Bakuli

Britta Solheim alikuwa na mabango matatu kwenye uwanja wa mbele ya nyumba yake, na yote matatu yaliwapenda watu weusi. La kwanza lilisema chuki haina makao humu. La pili lilisema anayenyamaza anashiriki dhuluma. La tatu lilikuwa limefukiwa na theluji tangu Novemba, lakini bila shaka nalo lilikuwa limejaa upendo. Charlesetta Rucker, au Setta kwa kifupi, jirani yake mweusi wa ng'ambo ya barabara, aliyaona kila alfajiri akienda kuendesha treni ya mjini, na kila alfajiri aliguna.

Alikuwa na sababu ya kuguna. Miaka minne alikaa mtaa ule wa Minneapolis bila Britta kulijua hata jina lake. Kisha kikaja kile kiangazi cha maandamano ya haki za watu weusi, mji ulipowaka, na Wazungu wa mtaa mzima wakaamka asubuhi moja wamekuwa jamaa zake. Britta ndiye aliyewapita wote. Alianzisha kikundi cha kusoma vitabu kila Jumapili, akanunua fulana yenye ngumi iliyokunjwa, akaanza kumwita Setta "dada". Dada tangu lini, Setta hakuambiwa.

Sasa dada alikuwa na shida.

Alhamisi, saa za kutoka shule, mvulana mmoja aitwaye Tanner Kvam alimshika Zariah, binti wa Setta mwenye miaka kumi na miwili, kwa misuko miwili ya nyuma. Akamvuta mpaka mtoto akaanguka chali kwenye barafu. Alikuwa akimvuta nywele tangu Septemba. Walimu waliambiwa, wakasema watoto wanataniana. Siku hiyo Zariah aliinuka akamtandika ngumi moja, jino likatoka. Kamera ya shule inatazama mlango, haitazami foleni ya magari ya wazazi, kwa hiyo walimu waliliona jino tu. Barua ikaja kesho yake: kikao cha nidhamu Jumatatu saa tisa mchana, na pendekezo la kumfukuza Zariah shule.

"Gari la tatu kwenye foleni lilikuwa la mama yake Soren," Zariah akamwambia mama yake. "Britta. Tulitazamana, Mama. Halafu akapandisha kioo."

Ijumaa hiyo jioni kengele ya mlango ililia. Britta alisimama barazani na bakuli la kioo la kuokea, limefunikwa foili. Setta hakuhitaji kufunua ajue kilichomo: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, na juu yake vidonge vya viazi vimepangwa safu kama askari wa gwaride. Katika mji ule, ufiwe, ujifungue au uvunjike mguu, utaletewa chakula hichohicho.

"Setta, dada yangu," akasema Britta, macho yamelowa tayari. "Sijala tangu jana. Roho inaniuma."

"Inakuuma kwa sababu uliona."

"Niliona kila kitu! Yule mtoto alivyomvuta... Mungu wangu. Hata adui humfanyii vile."

Setta akalipokea bakuli, akaliweka chini, akarudi na karatasi na kalamu. "Basi andika. Mistari mitatu tu inatosha. Ulichoona, jina lako, sahihi yako."

Britta akaishika karatasi kwa ncha za vidole, kama nepi ya mtoto wa mwenzake.

"Unajua, Setta, najiuliza kama hapa ni mahali pangu. Nimesoma sana juu ya jambo hili. Sisi Wazungu tuna tabia ya kuwasemea. Sitaki kuifunika sauti yako."

"Sauti yangu haikuwa kwenye foleni ya magari. Ilikuwa kazini. Wewe ndiye uliyekuwepo."

"Nakuelewa kabisa. Naomba tu muda nitafakari."

"Kikao ni Jumatatu, Britta."

"Nitatafakari kwa moyo wote. Kuleni kwanza, mpenzi. Kikipoa hakinogi."

Akashuka ngazi, akavuka barabara, akayapita mabango yake matatu.

Mezani alikuwepo Opaline, mama mdogo wa Setta. Alihamia huku kutoka Mississippi akiwa msichana, na hadi leo, mwanamke wa miaka sabini na sita, bado aliulaumu mji mzima kwa baridi yake. Alionja kijiko kimoja akakiweka.

"Hiki chakula na chumvi hawajawahi kuonana," akasema. "Kaandika?"

"Anatafakari."

"Anatafakari! Kwani aliona ndoto?"

Baada ya kula Setta aliliosha bakuli, akaligeuza kulikausha. Chini yake palibandikwa kipande cha utepe mweupe, na juu ya utepe, kwa wino mzito usiotoka kwa maji, paliandikwa: SOLHEIM. Ndivyo wafanyavyo wanawake wa pale wote, ili chombo kijue njia ya kurudi kwao. Opaline alivaa miwani, akalisoma jina polepole.

"Tazama, mwanangu. Bakuli la dola kumi na mbili kaliandikia jina lisije likapotea. Mtoto wa mtu je?"

Setta akalikausha bakuli, akaliweka kando.

Jumamosi Setta alimpigia Britta simu mara tatu, na mara zote tatu mwenzake akaingia mitini. Adhuhuri ukaja ujumbe: Bado natafakari. Nakutumia upendo mwingi. Na mioyo midogo mitano, yote ya rangi ya kahawia. Setta alimwonyesha Zariah, na Zariah akainua mabega.

"Hatoandika, Mama. Leo Soren yuko kwenye majaribio ya timu ya hoki ya barafuni. Kocha ni baba yake Tanner. Majina yanatoka Alhamisi."

Kumbe! Setta alicheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. Vitabu vyote vile, fulana, mabango, machozi ya barazani, vyote vilikuwa vimesimama juu ya barafu ya kiwanja cha hoki, na mwenyewe hakutaka ipasuke. Laiti Britta angesema wazi, "Naogopa mwanangu ataachwa nje ya timu," Setta angemkasirikia, lakini angemwelewa; naye ni mama. Ila kuambiwa kwamba ananyamaza kwa heshima ya sauti yako! Huko ni kukutia kidole jichoni na kukuuliza kwa nini unalia.

Usiku ule alimkuta Zariah bafuni, mbele ya kioo, mkasi mkononi. Msuko mmoja ulikuwa tayari kwenye sinki.

"Nikizikata hatakuwa na pa kushika," mtoto akasema. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

Setta akauchukua mkasi, akamkumbatia. Alikaa naye hadi akalala. Kisha akaiandika mwenyewe ile mistari mitatu, kwa herufi kubwa.

Jumapili saa kumi kasoro alikuwa anavaa koti, bakuli mezani.

"Hukupika kitu," Opaline akamwambia. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu, Setta. Sikukulea hivyo."

"Hakitarudi kitupu, Mama Mdogo."

Sebuleni kwa Britta walikuwemo wanawake saba, kila mmoja na kitabu mapajani na kikombe cha kahawa mkononi. Walipomwona Setta walisimama wote, maana watu wale walijua kusimama. Walipoliona bakuli na foili yake wakashangilia.

"Jamani, na chakula umetuletea!"

"Kiwekeni mezani," akasema Setta. "Kimeiva."

Joyce Nygaard, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na kitu, ambaye siku zote alikaa karibu na chakula, tayari alikuwa na kijiko. Akafunua foili. Ndani mlikuwa na karatasi moja na kalamu moja.

"Ni mapishi haya?" akauliza.

"Soma kwa sauti, Bibi Joyce."

Joyce akasoma, kwa ile sauti ya darasani inayofika dawati la mwisho. "'Mimi, Britta Solheim, nilikuwa gari la tatu kwenye foleni. Nilimwona Tanner Kvam akimshika Zariah Rucker nywele kwa nyuma na kumwangusha chini kwa nguvu. Zariah alimpiga baada ya hapo, si kabla.'" Akainua macho. "Hapa pana mstari wa sahihi, Britta. Ni mtupu."

Britta alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Setta, haya tungeyazungumza faragha."

"Faragha ulikuja na viazi."

"Si jambo jepesi kama unavyoli... Kuna mambo mengi. Bado nipo kwenye safari ya..."

Setta akalitoa lile bakuli mezani, akaligeuza chini juu, akaliinua wote walione. "Jina lako hili. Nani alikuandikia?"

"Mimi."

"Ulitafakari siku ngapi?"

Mmoja wa wale wanawake aliinama akawa anatafuta kitu ndani ya kitabu chake, lakini kitabu hakikuwa na jibu la swali lile.

"Britta," akasema Joyce, "uliona au hukuona?"

"Niliona."

"Basi shida iko wapi, mtoto wangu? Kalamu haina wino?"

Ndipo Britta akaanza kulia, na hapo kikundi kikapata kazi kinayoijua. Wanne walimkimbilia, mmoja na leso, mmoja na maji, wawili na mikono ya kumpapasa mgongo. Pole, Britta. Una moyo mkubwa, Britta. Ungedhani ni yeye aliyeburutwa kwenye barafu. Setta akangoja amesimama, koti lake hajavua.

"Lia tu," akasema. "Ila machozi yasiiloweshe karatasi. Ninayo hiyo moja."

Britta akafuta uso, akachukua kalamu, akatia sahihi. Jina lilisomeka vizuri. Kisha akamtazama Setta kama mtoto anayengoja kusifiwa.

Setta akaikunja karatasi. "Kesho saa tisa, chumba cha mkuu wa shule. Watataka kukusikia kwa mdomo wako. Na nyinyi wengine, viti vya nyuma huwa vitupu. Mnajua kukaa, nimewaona."

Hakumshukuru mtu. Bakuli aliliacha mezani.

Jumatatu Britta alikuja, kachelewa dakika sita, bila fulana ya ngumi. Alisema alichokiona kwa sentensi nne, na kocha Kvam alimtazama wakati wote bila kupepesa. Nyuma walikaa wanawake watano. Joyce ndiye aliyewakusanya kwa gari lake, mmoja baada ya mwingine, na mmoja alimtoa nyumbani akiwa bado na aproni. Pendekezo la kumfukuza Zariah likafutwa hapohapo. Jumatano mtoto alirudi shule, misuko mipya kichwani, ule uliokatwa umefichwa na mingine.

Alhamisi majina ya timu yakatoka. Soren Solheim hakuwemo.

Jioni simu ya Setta ikalia kwa ujumbe. Sijui kama unatambua gharama niliyoilipa. Setta aliusoma mara mbili, akampa Opaline naye ausome. Opaline akapiga mluzi.

"Wiki moja tu," akasema. "Kaonja kijiko kimoja cha tunachokula sisi kila siku, anataka tumlipie sufuria."

Setta akaenda jikoni. Alipika makaroni ya jibini kama alivyofundishwa, yenye chumvi, yenye pilipili, yenye ukoko wa kahawia pembeni, ndani ya bakuli lake mwenyewe. Akalifunika foili, akavuka barabara, akabonyeza kengele.

Britta alifungua, macho yamevimba.

"Roho inaniuma," akasema Setta.

Britta akamtazama, asijue kama anadhihakiwa. Alikuwa anadhihakiwa. Lakini bakuli lilikuwa la moto, na harufu ilikuwa ya kweli, akalipokea kwa mikono miwili.

"Soren amelia tangu saa nane," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua kulia kwa mtoto kulivyo. Kuleni kwanza. Kikipoa hakinogi." Setta akashuka ngazi mbili, akageuka. "Bakuli nalitaka Jumapili. Jina langu lipo chini. Na lisirudi tupu."

"Niweke nini?"

"Kuna mtoto wa akina Pettway, darasa la nane. Wanasema aliiba simu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Soren alikuwemo, anajua nani aliichukua. Aandike alichoona, atie sahihi. Kikao ni tarehe kumi na nne."

Britta akasimama mlangoni, mvuke wa makaroni ukimpanda usoni. Setta alimngojea aseme anahitaji kutafakari. Jibu lake alikuwa nalo tayari ulimini.

"Saa ngapi?" akauliza Britta.

"Saa tatu asubuhi," akasema Setta. "Na safari hii usichelewe."