Tairi za Gari la Sabra

Gharibu aliendesha malori tangu enzi ambazo barabara ya kusini ilikuwa mchanga mtupu, na miaka yote hiyo alikuwa na imani moja tu juu ya tairi: tairi nzuri ni ngumu. Ukiipiga teke, unaumia wewe. Alibeba nazi, akabeba korosho, akabeba mbao, akavuka mto pale Ndundu kwa kivuko kabla daraja halijajengwa, na tairi laini zilimlaza porini mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka. Kwa hiyo siku bintiye Sabra alipoingia uani kwao Bungu na kigari chekundu cha viti viwili, kifupi kana kwamba kimekaa kitako, kisicho na paa ila turubai la kukunja, Gharibu alilizunguka lile gari akitazama chini tu, kwenye magurudumu.

"Hili nalo gari?" aliuliza.

"Gari la michezo, baba. Jepesi. Halifiki hata tani moja."

"Naona," alisema Gharibu, akaishia hapo.

Kuishia hapo ndiyo ilikuwa tabia yake, hasa kwa Sabra. Mwaka uliotangulia, Sabra aliachana na mumewe, Twalha, akarudi nyumbani na sanduku moja na cherehani. Gharibu alimpokea sanduku, akalibeba mwenyewe hadi chumbani, akasema, "Karibu nyumbani." Kisha maneno yakamkauka. Alitaka kumwuliza kama analala usingizi. Alitaka kumwambia kwamba hana kosa. Lakini mambo ya ndoa ya binti huyasema mama, na Gharibu hakujua mlango wa kuingilia. Akanyamaza, na kimya kile kikazoea kukaa baina yao.

Baadaye Sabra, ambaye ni mkunga, alipanga nyumba Kibiti karibu na kazini, akajinunulia kile kigari. Watu walisema yao. Kila Ijumaa Sabra akija kula nao, Gharibu hufungua boneti, akapima oili, akaongeza maji, akakagua upepo wa tairi, akafuta kioo. Sabra husimama kando na kumtazama. Wangeweza kukaa hivyo nusu saa bila ya kuzungumza, kisha Gharibu hufunga boneti taratibu na kusema, "Haya, nenda salama."

Masika ilipokaribia aliona tairi zimekwisha. Zilikuwa vipara, hasa zile za nyuma. Hakumwambia mtu. Korosho zake za msimu ule zilikuwa zimempa nafasi kidogo ya fedha, basi asubuhi moja alifika Kibiti Sabra akiwa zamuni, akachukua ufunguo wa gari nyumbani kwake, akalipeleka gari kwa Donati, mwuza tairi aliyehamia pale kutoka Mbinga. Akazunguka dukani akipiga tairi teke mojamoja mpaka akaipata iliyomwumiza.

"Hizo ni za vigari vya mizigo, mzee wangu," alisema Donati. "Plai nane hizo, tabaka nane za nyuzi. Saizi itaingia, lakini hili gari jepesi sana."

"Unanifundisha tairi, Donati?"

"Hata kidogo."

"Basi funga. Na upepo ujaze hasa."

Mchana Sabra alitoka kazini akamkuta baba yake amesimama kando ya gari, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Sabra alitazama tairi mpya, nyeusi, nene. Akaweka kiganja mdomoni.

"Baba! Umenifungia wewe?"

"Masika inakuja," alisema Gharibu.

Sabra aliinama akaipapasa moja kwa mkono, akakaa hivyo muda kidogo kabla hajainuka. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Asante, baba. Asante sana." Gharibu alirudi Bungu siku ile akijiona ameisema hotuba nzima.

Mvua zilianza. Ijumaa ya kwanza Sabra alikuja na gari. Ijumaa ya pili pia. Kisha akaanza kuja kwa basi.

"Gari linapumzika," alisema alipoulizwa.

Gharibu aliamini. Mkewe, Mwanamkuu, hakuamini, na jioni moja akiwa anachambua kunde kwenye ungo alisema bila ya kuinua kichwa, "Baba Sabra, toka lini gari likapumzika? Ni ng'ombe hilo?"

"Mwenyewe ndivyo alivyosema."

"Mwenyewe mgongo unamwuma. Kila tundu la barabara linampanda mpaka kichwani. Juzi hapa nimemkanda kwa mafuta ya nazi, wewe uko msikitini. Ni zile tairi zako."

Gharibu aliweka kikombe chini. "Mbona hakuniambia mimi?"

"Akwambieje? Hukujiona ulivyosimama siku ile? Kanisimulia mwenyewe. Anasema ulikuwa kama mtoto aliyeleta maji kwa mara ya kwanza."

Usiku ule Gharibu hakuwa na raha. Alijaribu kumkasirikia Donati, ikashindikana, maana Donati alisema. Akajaribu kujikasirikia mwenyewe, akachoka. Mwisho akabaki na jambo moja tu: mwanawe alikuwa akiumia mgongo ili yeye asiumie moyo.

Ijumaa iliyofuata alimpigia simu. "Njoo na gari, mwanangu. Ukila utanifikisha Kibiti, nina shughuli."

Baada ya chakula waliondoka wawili, turubai limefungwa, mawingu yameshuka. Gharibu aliegemea kiti na kusikiliza, kama alivyoyasikiliza malori yake yote. Hawakufika mbali kabla hajaelewa. Barabara ilipokuwa laini, gari lilivuma. Ilipokuwa na viraka, gari halikuvipita, lilivirukia. Kila kiraka kiligonga sakafu, kikapanda kwenye kiti. Alimtazama Sabra kwa pembe ya jicho. Sabra alikuwa amekaa mgongo wima mno, akiuma mdomo kila alipoona tundu mbele, na katikati ya matundu akitabasamu.

"Zinakwenda vizuri?" aliuliza Gharibu.

"Vizuri sana, baba. Madhubuti."

Mvua ilishuka ghafla. Kwenye kona, palipokuwa na maji yaliyosambaa juu ya lami, mkia wa gari uliteleza ukatoka nje kidogo, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Sabra alilegeza mguu, akazungusha usukani taratibu, gari likanyooka. Haikuchukua muda hata wa kupiga kelele. Lakini Gharibu alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

"Ni maji tu, baba," alisema Sabra.

"Simamisha."

"Tuko karibu..."

"Simamisha, mwanangu."

Alisimamisha pembeni, mbele ya banda la wauza mananasi waliokuwa wamekimbia mvua. Maji yalipiga turubai juu ya vichwa vyao. Gharibu alitazama mbele.

"Hizi tairi zinakuchapa," alisema.

"Hapana, baba. Nzuri."

"Sabra. Nimeendesha maisha yangu yote. Makalio yangu yanajua."

Sabra alicheka, na kicheko kikageuka kitu kingine kabla hakijaisha. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani. "Ningezitoaje?" alisema. "Nilipotoka kwa Twalha hukuniuliza kitu. Hata neno. Mwaka mzima nikawa najiuliza, baba amenikasirikia? Anaona haya kwa ajili yangu? Halafu natoka kazini, nakukuta umesimama na tairi nne. Ningekwambiaje, baba, zitoe?"

Gharibu aligeuka akamtazama. Alikuwa amejiandaa kuzungumza habari za tairi. Hili lingine hakulitarajia, ila sasa lilikuwa ndani ya gari pamoja nao, na gari lenyewe dogo.

"Sikukukasirikia hata siku moja," alisema. "Mimi... nilikuwa sijui pa kuanzia. Kila nikitaka kusema, naona nitaharibu. Nikawa napima oili."

"Oili," alisema Sabra, akifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Oili yako ilikuwa haipungui, mwanangu. Nilikuwa napima hivyo hivyo."

Safari hii Sabra alicheka kwelikweli. Akamshika baba yake mkono, ule uliokuwa bado umeng'ang'ania mlango, akaubandua polepole. Walikaa hivyo mpaka mvua ikakatika na wauza mananasi wakarudi bandani.

"Usingizi unapata?" aliuliza Gharibu.

"Siku hizi napata."

"Alhamdulillahi. Twende kwa Donati."

Donati alipowaona wanashuka hakusema nilikwambia. Alivuta mabenchi, akaleta chai, kisha akawapangia tairi ukutani. Sabra aliiendea moja kwa moja ile pana, yenye mpira laini na mifereji michache. Alikuwa ameiona kwenye simu.

"Hii ndiyo ya magari ya michezo," alisema. "Inashika kama gundi."

"Kwenye kavu, dada, hilo halina ubishi," alisema Donati. "Inaisha upesi, inapiga kelele, na ukikuta maji yamesimama mimi siahidi."

Gharibu naye alikuwa amesimama mbele ya tairi za mtumba kutoka nje, kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado nzima kabisa. Alizipenda. Kisha akaikunja moja ubavuni, akaona nyufa nyembamba kama za mguu usiopakwa mafuta. Tairi ilikuwa imezeeka ghalani. Aliirudisha. Mguu wake ulitaka kupiga teke tairi iliyofuata, akauzuia. Akageuka kwa Sabra.

"Hebu niambie. Gari hili unaliendesha wakati gani, na unakwenda wapi?"

Sabra alishangaa kidogo. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. "Kazini na nyumbani. Na Bungu, Ijumaa." Akashusha sauti. "Na siku nyingine nikitoka zamu sirudi nyumbani. Siku mambo yakienda vibaya, mama au mtoto akitutoka. Nafungua turubai, nakwenda mpaka Ndundu, navuka daraja, nageuza. Nikirudi angalau nimepumua."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua. Nafunga turubai tu."

Gharibu alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. "Na ukiwa njiani huko, unataka usukani ukupe nini?"

"Nataka niisikie barabara, baba. Nijue ninakanyaga nini. Lakini isinipige."

"Umesikia, Donati?"

Donati alikwishasikia. Alivuta tairi ya ukutani kabisa: si pana, si nene, mifereji yake mirefu ya kutolea maji, ubavu wake ukibonyea kidogo chini ya kidole gumba. Sabra aliibonyeza. Akampa baba yake, naye akaibonyeza. Miaka yote tairi inayobonyea ilikuwa kwake tairi mbovu. Aliibonyeza tena.

"Ngamia naye mguu wake laini," alisema, zaidi akijiambia mwenyewe, "na anabeba. Haya, hii."

Zilikuwepo mbili tu. Mbili nyingine zikaagizwa Dar es Salaam, na siku zilipofika Sabra alikuwa ametoka zamu ya usiku asubuhi ile, Gharibu akiwa amekwishafika Kibiti kumsubiri. Tairi za plai nane zilichukuliwa na gari la kusambazia mikate, nazo huko zikapata kazi inayozifaa. Donati alifunga zile mpya, akazipima mzunguko, kisha akatoa upepo mpaka kipimo kikashuka mahali ambapo Gharibu, enzi zake, angesema ni pancha. Gharibu alifumbua mdomo. Akaufumba.

"Endesha wewe," Sabra alimwambia, akimpa ufunguo. "Macho yangu mazito."

Leseni ya Gharibu ilikuwa hai. Alisogeza kiti nyuma, Sabra akakunja turubai, wakatoka. Mwanzo Gharibu aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Halafu ikamjia mikononi. Viraka vilipita chini yao vikasikika, lakini havikuuma. Kona ilikuja, gari likaishika bila ya kusihiwa. Jua la asubuhi lilikuwa limekausha lami. Akaongeza mwendo kidogo, akajikuta anatabasamu peke yake.

"Sabra, sikiliza inavyo..."

Sabra alikuwa amelala. Kichwa kimeangukia begani, mtandio ukipepea, mikono imelegea mapajani, mikono ile iliyokesha ikipokea watoto wa watu. Gharibu alirudisha mwendo chini. Njia yote hadi Bungu hakupiga honi hata palipostahili.

Aliingia uani akiteleza tu, akazima injini mapema, gari likajisogeza lenyewe mpaka kivulini. Kivuli hakikumfikia Sabra sawasawa. Mwanamkuu alitoka jikoni akipangusa mikono, akafumbua kinywa kuita, na Gharibu akaweka kidole mdomoni. Mwanamkuu alisogea, akamtazama bintiye, kisha akavua kanga ya begani. Mumewe akashuka pole pole, akashika ncha mbili upande ule, yeye akashika mbili upande huu, wakaiinua kama paa juu ya uso wa Sabra jua lisimfikie.

"Mkono wako usichoke," alinong'ona Mwanamkuu.

"Hauchoki," alisema Gharibu.