Fisi wa Langoni kwa Ng'washi

Siku ya Jumatatu Mektilda Mabula alibandika picha tisa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, akarudi nyuma hatua mbili, akajipongeza. Mhadhiri wake alikuwa amewasisitizia: watafiti huja, huchukua, huondoka; ninyi rudisheni matokeo kwa wananchi. Basi yeye, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya usimamizi wa wanyamapori, mzaliwa wa kijiji hicho hicho nje kidogo ya Mwanhuzi, akarudisha.

Kwa wiki sita alikuwa amefunga kamera kwenye miti na nguzo za mazizi, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, ili ajue fisi wanaokula ndama wanafuata nini kijijini. Picha iliyotoka vizuri kuliko zote ilikuwa ya fisi mwenye sikio lililochanika, amesimama langoni kwa bibi Ng'washi. Chini yake Mektilda aliandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba alifika hapo siku tatu mfululizo.

Mtu wa Dar angefanya kosa hilo ungemsamehe. Lakini huyu ni Msukuma, amekua akisikia kwamba kuna fisi wa porini na kuna fisi wenye wenyewe, wanaofugwa na kutumwa na wachawi. Mjane mzee, anaishi peke yake, na fisi anasimama langoni kwake siku tatu. Miaka mitatu ya chuo Morogoro ilikuwa imemfundisha mengi, na hilo moja ikamsahaulisha.

Kufika Jumatano, Scola wa dukani alimwambia bibi kuwa sukari imekwisha, na gunia liko wazi nyuma yake. Alipofika kisimani, wanawake waliondoka na ndoo zao hata hazijajaa. Salamu za bibi hazikuitikiwa na mtu, na kwao mtu asiyeitikiwa salamu ameshaanza kufukuzwa. Mama yake Mektilda ndiye aliyemweleza haya yote, akaongeza kuwa Ijumaa kuna kikao cha kumtaka Ng'washi ahame. Aibu ilimshika binti, akausukuma pembeni ugali wake.

Alikwenda kwa bibi asubuhi iliyofuata, akapiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

Ng'washi aliitikia, lakini hakuacha kupeta mtama wake. "Mjukuu wangu," alisema baadaye, "ulipokuja kufunga kidude chako kwenye nguzo yangu nilikupa uji. Umesomea kunichongea?"

Kibaya zaidi, Mektilda alikuwa na jambo analolijua.

Picha alizopiga zilikuwa zaidi ya mia mbili. Fisi hutambulika kwa madoa yake, hakuna wawili wenye madoa yanayofanana, na huyu mwenye sikio bovu alikuwa amepita kwenye kaya kumi na moja. Kwa Ng'washi alikuwa akipita tu, kwa kuwa lango lake liko njiani. Alikokuwa akienda ni nyuma ya zizi la Mzee Mabula, baba yake Mektilda, mwenyekiti wa kitongoji. Huko ndama waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wakitupwa vichakani, wakati Mzee Mabula mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba kila mzoga ufukiwe. Mektilda alikuwa na picha tatu za fisi akiburuta mzoga pale. Hakuzibandika. Ya bibi wa watu aliibandika, ya baba yake akaificha, na alipolitazama jambo hilo bila kujidanganya alijiona mdogo sana.

Alhamisi jioni alimwonyesha baba yake zile picha tatu. Mzee alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anataka kumvua nguo mbele ya watu aliowaongoza miaka tisa. Mektilda alilia, lakini alisema kwamba kesho atazibandika. Mzee akainuka, akaenda kwa ng'ombe wake, na hakurudi kula.

Ijumaa asubuhi watu walijaa ofisini. Ng'washi alikaa peke yake kwenye benchi ambalo lingetosha watu wanne. Mektilda alibandika zile picha tatu, akaeleza habari ya madoa. Malimi, aliyepoteza ndama wanne, akasema madoa ni mambo ya vitabuni, yeye anataka kujua fisi ni wa nani.

Hapo Mzee Mabula alisimama. Aliuendea ubao, akaweka kidole juu ya zizi lake.

"Hapa ni kwangu. Mizoga nilitupa mimi, nikawaambia ninyi mfukie. Kama fisi huyu ana mwenyewe, Malimi, basi ni mimi. Nihamisheni."

Malimi alitazama viatu vyake. Nani angemwambia mwenyekiti ahame?

Mzee hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda kwenye lile benchi, akavua kofia, akainama.

"Mwangaluka, mayu."

Mektilda aliogopa kwamba bibi hataitikia. Kisha bibi akasogea kidogo kumpa mwenyekiti nafasi ya kukaa.

"Mwangaluka, baba," alisema. "Na yule binti yako aje aibandue ile ya langoni kwangu."