Kadi Moja kwa Dada Wawili

Mtafiti alikuwa amekwisha kupachikwa jina kabla hajamaliza nyumba ya pili. "Bi Maswali huyo anakuja!" alitangaza Mama Redio kutoka kwenye bomba la maji, na wanawake wa ua ule wakaanza kukumbuka kazi za ndani.

"Jana kanishika saa nzima," Mama Redio aliendelea, ndoo ikimwagika bila yeye kujali. "Eti nina vyumba vingapi. Nikamwambia kimoja, lakini kina wivu, hakitaki mwenzake. Akaandika! Kila unachosema anaandika. Hata choo chetu kimeandikwa."

Wakacheka, wakaingia ndani, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mshonaji peke yake hakuinuka. Alibaki kizingitini na mtoto mapajani, mtoto aliyekuwa anatimiza wiki sita Alhamisi ile. Kwa siku tatu alikuwa amesikia habari za mwanamke anayezunguka akiuliza wageni waliovuka mpaka, hasa wanawake, wanatibiwaje na wanazalia wapi, kisha anayapeleka maneno yao kwa wakubwa. Wenzake walilalamika kwamba anaandika mno. Yeye neno hilo ndilo lililomkaa moyoni. Alikuwa na kitu kimoja tu alichotaka kiandikwe: jina la mdogo wake, na kwamba amekufa. Mahali popote, hata kwenye daftari la mtu baki.

"Karibu," alimwambia mtafiti. "Mimi sina haraka."

Chumba kilikuwa cha kitanda kimoja, pazia katikati, na upande wa pili godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Mtafiti alikuwa binti wa makamo yake, viatu vimejaa vumbi, sauti ya chini. Aliweka kinasa sauti juu ya meza, akasoma karatasi yake polepole.

"Jina lako halitaandikwa popote. Utakuwa namba kumi na saba. Swali usilolipenda tunaliruka. Ukichoka, tunaacha."

"Jina langu halina neno," alisema mshonaji.

Mtafiti akadhani ni adabu, akaendelea. Umekuja mwaka gani? Mwaka wa nne huu. Umemfuata nani? Mume, alipata kazi kwenye kinu cha unga. Na wewe unafanya kazi gani?

"Nashona mifuko."

"Mifuko ya kubebea vitu?"

"Mifuko ya mashati ya sare. Mwenzangu anashona kola, mwingine mikono. Mwaka wa tatu huu, na sijawahi kuona shati zima lililopita mikononi mwangu."

Mtafiti akatabasamu, akaandika. Maswali yakaendelea kama mtu anayepanda ngazi bila kutazama juu, hadi la thelathini na moja. Hapo akashusha sauti zaidi.

"Katika nyumba hii, kuna mwanamke yeyote aliyefariki akiwa mjamzito, au wakati wa kujifungua, au ndani ya siku arobaini baadaye?"

"Yupo."

Kalamu ikasimama. "Pole sana. Alikuwa nani wako?"

"Mdogo wangu. Nyumbani tulimwita Cheko. Kitu kidogo, meno nje."

Na mshonaji akaanza kueleza. Hakulia. Alikuwa mtu wa kutazama sana na kusema kidogo, na mambo yake yalikuwa yamepangika kifuani siku zote hizo kama vitambaa vilivyokwisha kukatwa, vinangoja kuunganishwa tu.

Kinu cha unga kiliwapa wafanyakazi wake kadi za matibabu, moja ya mume na moja ya mke. Cheko alipokuja kuwafuata, miezi mingi baadaye, hakuwa mke wa mtu wala mfanyakazi wa kinu. Alifagia saluni kwa wiki mbili, akaosha vyombo hotelini, kisha akapata mimba ya mwanamume aliyevuka mpaka mwingine kutafuta riziki na hakuonekana tena. Bila kadi, hospitali ilitaka ulipe kwanza ndipo upokewe, halafu karani wa mapokezi aulize kibali chako cha kuishi. Cheko hakuwa na cha kulipa wala cha kuonyesha.

"Basi atatumia yangu," mshonaji alimwambia mumewe. "Haina picha. Tumefanana sura, tumefanana na sauti."

Si wao wa kwanza. Katika ua ule kadi ya mtu mmoja ilikuwa imekwisha kutibu malaria ya watu sita. Lakini kuzaa si malaria; unakaa wodini, unaulizwa maswali, na majibu yote yako kwenye kadi. Kwa hiyo kila jioni baada ya kazi, mshonaji alimkalisha Cheko kitandani na kumfundisha kuwa dada yake.

"Jina?"

Cheko akataja la kwake.

"Umeshafukuzwa. Rudia. Umri?"

"Thelathini na mbili. Dada, yaani nizeeke miaka tisa kwa ajili ya kadi?"

"Mimba ya ngapi?"

"Ya tatu. Wawili wako kwa bibi yao mzaa baba. Niliwazaa kama mtu anayepiga chafya."

"Hayo ya chafya usiyaseme. Mume wako nani?"

"Shemeji."

"Cheko!"

Cheko alianguka mgongo kwa kucheka, tumbo likitikisika, na nyuma ya pazia mume wa mshonaji akasikika akilalamika, "Nimekuwa mume wa wake wawili, na sahani yangu bado tupu." Wakacheka wote watatu hadi jirani akagonga ukuta.

"Tuendelee. Una ugonjwa wowote wa kudumu?"

"Hakuna."

"Kuna dawa inayokukataa?"

"Hakuna."

Ndivyo kadi ilivyosema. Mshonaji hakuna dawa iliyowahi kumkataa. Swali hilo lilikuwa la mwisho ukurasani, na ndilo Cheko alilolijibu vizuri kuliko yote. Hakucheka wala kukosea hata jioni moja.

Uchungu ulianza asubuhi. Mume ndiye aliyeingia naye, maana ndiye mume. Mshonaji alibaki nje ya geti, kwa kuwa kwenye karatasi alikuwa amekwisha kuingia. Alisimama hapo mchana kutwa akitazama mlango wa wodi. Saa tisa mumewe alitoka mbio, akampungia mikono yote miwili: mtoto wa kiume, mama mzima! Mshonaji aliketi chini kwenye kokoto, akashukuru Mungu.

Yaliyofuata alisimuliwa. Uchungu ulikuwa mrefu, kwa hiyo nesi alikuja na sindano ya kuzuia usaha. Alisoma kadi, na hakuishia hapo. Alikuwa mwangalifu, akauliza kwa mdomo wake: mama, kuna dawa inayokukataa?

"Alinitazama," mume alimweleza baadaye, akiongea na ukuta. "Kama mtoto anayejua jibu darasani. Akasema hakuna. Halafu akanikonyeza."

Uso ulianza kuvimba kabla nesi hajafika kitanda cha pili. Waliitana, daktari alikuja mbio, walimhangaikia kwa kila walichokuwa nacho. Hawakumtupa. Pumzi haikupata pa kupita.

Mshonaji alipoambiwa uso ulivimba, alikumbuka. Hapo hapo getini, kama mtu aliyepigwa kofi. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, Cheko hata miwili hajatimiza. Zahanati ya nyumbani, mtoto ana homa, sindano, halafu macho yakapotea ndani ya uso na mama yao akakimbia naye akipiga mayowe. Mganga alimwokoa. Alimwambia mama, na dada mkubwa alikuwa amesimama pale ameshika kanga ya mama: mtoto huyu asichomwe dawa hii tena maisha yake yote. Mama amekwisha kufa. Cheko mwenyewe alikuwa mgongoni, atakumbuka nini? Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kulijua jambo lile, na mtu huyo ndiye aliyekaa jioni ishirini akimfundisha kusema hakuna.

"Sikumficha," mshonaji alimwambia mtafiti. "Ningekumbuka, ningesema. Lakini nilikuwa nasoma kadi yangu. Nilikuwa najifikiria mimi."

Mtafiti hakuandika. Mtoto alijinyoosha, akapiga miayo, akarudi kulala.

Na kufa hakukuwa mwisho. Mume alitia sahihi kwamba mkewe amefariki. Mtunza maiti alimpa mkono: "Pole, kaka. Wewe bado kijana, mke utapata." Akaitikia ahsante. Makaburini walipewa kibao kilichokwisha kuandikwa na ofisi, na mshonaji, aliyeishia darasa la saba lakini kusoma anajua, alisimama mbele ya kaburi la mdogo wake akisoma jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, na tarehe yake ya kuzaliwa.

Kusahihisha wangeweza. Lakini mtoto alikuwa ameandikwa mwana wa mfanyakazi wa kinu na mke wake, na ana haki zote za hapa. Wakifungua mdomo, mume hana kazi kesho, na mtoto anakuwa wa mwanamke asiye na kibali, achukuliwe akalelewe na serikali hadi ijulikane ni wa wapi. Wakanyamaza. Wanawake wa ua wakanyamaza pamoja nao. Hata Mama Redio, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikata matangazo.

"Kwa hiyo hakuna mahali," mshonaji alisema. "Hospitali nimekufa mimi. Kaburini nimelala mimi. Yeye hajafa popote. Mtu aliyekuwa anacheka vile, hakuna hata karatasi moja inayosema alikuwepo. Nikasema, huyu dada anaandika, nitampa yeye."

Akasogea karibu na kinasa sauti, na kwa sauti ya mtu anayesoma mbele ya darasa akalitaja jina la Cheko, la kwake, la baba na la babu. Halafu akaketi wima, mikono mapajani, akingoja liandikwe.

Mtafiti alikuwa analia. Alinyoosha mkono, akazima kinasa sauti.

"Dada yangu," alisema, "hatuandiki majina."

"Langu usiandike. Umesema. Nataka la kwake."

"Hata la kwake. La mtu yeyote. Ndiyo sheria yetu. Jina lake likionekana kwenye karatasi zangu, atakayesoma atakujua wewe, atamjua na mtoto. Ninawalinda ninyi."

"Utamwandikaje, basi?"

Mtafiti akasita. "Mdogo wa namba kumi na saba. Au tunampa jina la bandia. Unaweza kulichagua wewe."

Mshonaji alimtazama bila hasira.

"Bi Maswali," alisema, na hakuona haya kumwita hivyo usoni, "mdogo wangu amekufa kwa jina la kuazima. Leo unaniambia nimtafutie jingine?"

Mtafiti aliwasha kinasa sauti tena na kurudisha nyuma, kwa kuwa jina lilipaswa kufutwa, na hakutaka kulifuta kwa siri. Sauti ya mshonaji ikatoka kwenye kile kidude: jina la Cheko, la baba, la babu.

"Rudia," mshonaji alisema.

Akarudia.

"Mara moja tena."

Akarudia mara ya tatu. Kisha akamtazama, na mshonaji akatikisa kichwa kukubali. Kidole kikabonyeza. Walipousikiliza mwisho ule tena, palikuwa na sauti ya mwanamke ikisema nitampa yeye, halafu kimya cha kupumua mara mbili, halafu mtoto akikohoa.

Alhamisi mshonaji alimpeleka mtoto kwenye chanjo ya wiki sita. Mume alikuwa zamu. Kinu hakikumpa ruhusa, kuchanja mtoto ni kazi ya wanawake. Benchi lilikuwa limejaa. Zamu yake ilipofika, nesi alifungua kadi ya mtoto, akasoma juu, uso ukabadilika.

"Jamani. Mama yake ni marehemu?"

"Ndiyo."

"Pole. Na wewe ni nani wake?"

"Dada wa mama yake."

"Ndiye utakayemlea?"

"Ndiyo, mimi."

"Lazima niandike anayemlea. Jina?"

Mshonaji alifungua mdomo. La kwake lilikuwa pale pale juu ya kadi, limepigiwa msalaba mdogo wa wino mwekundu. Mtoto alikuwa ameshika kidole chake. Nyuma yake mwanamke mwingine alikuwa anabembeleza pacha, na mtu akasema foleni haisogei.

"Mama, jina lako?"

Akalitaja la Cheko. La kwake, la baba na la babu.

Nesi alikuwa na mwandiko mzuri. Aliandika polepole, wino wa bluu, kila herufi imesimama vyema, na katika nafasi inayofuata, palipoulizwa kama mlezi yu hai, akaweka alama ya ndiyo.

"Wiki ya kumi utamleta tena," alisema, akivuta sindano. "Tutakuita kwa jina hili. Sasa usikae hapo unaota, ukisikia, itika."

"Nitaitika," alisema mshonaji, akamkumbatia mtoto kwa nguvu, kwa sababu sasa ndipo angechomwa.