Mnyororo wa Guka Ngigi

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya Ziwa Naivasha, hata huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilisimama kwa matope na ufunguo wa guka, babu yangu, mkononi, nikihisi bado naota.

Guka Ngigi alikuwa mtu wa ng'ombe kutoka Dundori, akaandikwa kazi ya kulinda mashua ya mzungu. Mwaka wa sitini na moja mvua ilinyesha vibaya sana, na asubuhi moja mashua haiko. Akafukuzwa kama mwizi. Mpaka leo watu wakituona wanasema, "Wale wa mashua." Nimelia sana shuleni kwa hayo maneno, ebu niache.

Sasa imepatikana, chini ya maji palepale.

"Babu yangu aliinunua. Ni yetu," akasema Natalie, mjukuu wa yule mzungu.

"Pole, madam. Kitu cha kale kilichozama ni cha serikali," akajibu Kipketer, afisa wa mambo ya kale. Walikuwa wamebishana hivyo tangu saa moja.

Mpiga mbizi akatoa kichwa majini. "Boss, imeshikwa na mnyororo. Nipeni msumeno niukate."

"Wewe! Usiguse!" Nikaingia maji na gambuti zangu. "Ukikata huo, tutajuana!"

Kipketer akanigeukia. "Na wewe mathe, unadai nini?"

"Mashua chukueni, hata mkachemshie chai. Mimi nataka mpime huo mnyororo kwanza, na muandike."

Mpiga mbizi akazama na futi ya kupimia, akarudi polepole. Mnyororo, urefu wa mita moja tu, ulikuwa umefungwa kwa nguzo ya mti wa mutarakwa na kufuli ya shaba. Akasoma namba yake: 417. Nikafungua kiganja, nikamwonyesha Kipketer ufunguo. 417.

Hapo nikacheka na machozi yakitoka. Guka wangu, maskini! Alifunga mashua kama ng'ombe wa Dundori, kamba fupi, asifikie kabichi za jirani. Ziwa likapanda, mashua ikashindwa kupanda nalo, ikajaa maji ikiwa imefungwa.

"Kwa hivyo ni yeye aliizamisha," Natalie akasema.

"Eeh, aliizamisha. Lakini hakuiba."



Kipketer akaandika: imepatikana ikiwa imefungwa. "Na aliyeifunga?"

"Ngigi. Mlinzi."

Akaandika. Nikamwomba anisomee tena, kwa sauti, Natalie akisikia.