Paka wa Nyumba Saba

Mwamvua alikuwa na ulimi, hilo tulimalize mapema. Lakini hata waliokwisha kuuonja ulimi wake walimpelekea mbegu zao, kwa sababu katika mtaa ule wa Songea, ng'ambo ya kijito kutoka boma la Wadachi, ni yeye tu aliyekuwa na paka.

Mwaka ule vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, na njaa iliyokuja nyuma yake nayo ilikuwa imechoka kuua. Watu walivuna kidogo, wakala kidogo, wakaweka mbegu. Ulezi na mahindi ya nyumba saba yalilala katika vihenge saba vidogo ndani ya kibanda cha Mwamvua. Vihenge hivyo alivisuka mwenyewe na kuvikandika udongo, maana mitungi ya watu ilikwisha kuvunjwa vitani. Mbegu nyingine hazikuwapo. Panya wakizila kabla ya mvua za Desemba, hakuna wa kupanda, na ile njaa ingerudi kwa watu ambao hawakuwa na nguvu hata ya kuitaja.

Paka mwenyewe aliletwa na Bakili, mdogo wake Mwamvua, mpagazi wa misafara ya Lindi. Alimchukua pale pwani wanapoanika samaki, akambeba kapuni karibu mwezi mzima, akafika ana mikwaruzo mpaka masikioni, akaapa kwamba heri kubeba pembe za ndovu. Alikuwa jike la kijivu. Alitembea uani taratibu, mkia juu, akitazama kila kitu kana kwamba amekuja kukikagua. Mwamvua akamwita Shaushi, kwa cheo cha wakubwa wa askari wa boma, na watu wakalipenda sana jina hilo, ingawa walilitamka kwa sauti ya chini.

Miezi mitatu Shaushi alifanya kazi yake vizuri. Mwamvua hakumpa hata tonge. Mama yake kule Nakapanya alimfundisha kwamba paka hulishwa na panya. Ukimlisha wewe, umejifugia mgeni.

Kisha ikaingia Septemba, jua kali, na Shaushi akaharibika. Manyoya yalipoteza mng'aro, tumbo likajaa kama ngoma, na kila alichokula kilitoka mbio. Akirudi kutoka mizunguko yake alilala kizingitini huku panya wakipita mbele yake kama wako kwao. Asubuhi moja Mwamvua akakuta kihenge cha Notburga, jirani yake wa ubavuni, kimetobolewa, na ulezi umemwagika chini kama viganja viwili hivi. Aliuokota punje moja moja, huku akilia na kutukana.

Habari haina mlinzi. Jua halijafika utosini, watu walikwisha kujaa uani. Mmoja alisema paka amerogwa, mwingine kwamba viumbe vya pwani haviwezi baridi ya huku. Aliyesema kwa ukali kuliko wote ni Pankrasi, seremala wa Kingoni aliyebatizwa misheni, mtani wa Mwamvua wa siku zote. Siku ile hakutania. Alisema Jumapili ikipita anazitaka mbegu zake, na paka huyo akatupwe porini, maana mlinzi anayelala ni mwizi wa pili. Mwamvua, ambaye siku nyingine angemjibu mpaka ukoo wake, aliingia kibandani akaanza kukiziba kihenge kwa udongo. Alijua kwamba mmoja akiondoa mbegu zake wote wataondoa, na katika nyumba zao hakuna hata panya mmoja anayemwogopa mtu.

Kesho yake akaacha kusuka, akamfuata paka.

Haikuwa kazi ndogo kwa mwanamke mwenye mwili wake kujificha nyuma ya nyua za watu mchana kweupe, lakini alijificha. Shaushi alianzia kwa Notburga, na Notburga akatoka na donge la ugali wa muhogo uliolala. Nyumba ya pili akapewa boga la kuchemsha. Ya tatu kunde, ya nne makapi ya togwa, ya tano ugali tena. Na kila mtu aliangalia kwanza huku na huku, kama anaiba. Kikulacho ki nguoni mwako! Mwamvua alitembea huku akipanga matusi yake kwa zamu, ya Notburga mbele, ya wengine nyuma. Paka alipoingia uani kwa Pankrasi, makubwa kuliko yote akayaweka tayari kwa ajili ya huyo aliyetaka atupwe porini.

Pankrasi aliweka randa yake chini. Akanawa mikono, akaleta chakula chake cha mchana, akaumega ugali nusu kwa nusu. Nusu moja akaiweka mbele ya paka, akachutama karibu naye.

"Kula, mama," alisema. "Kwangu hapa hakuna atakayelala na njaa tena."

Mwamvua alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba njaa ile ilimchukulia Pankrasi mke na watoto wawili katika mwezi mmoja. Matusi yote yakamtoka kichwani. Alikaa chini nyuma ya ua akalia, mara ya pili katika siku mbili, jambo ambalo halikuwa desturi yake hata kidogo. Alielewa kwamba mtu aliyeiona njaa ile hawezi kuona kiumbe kimekaa mlangoni pake akakipita hivi hivi. Paka huyu alikuwa akiuawa kwa wema. Na yeye Mwamvua je, aliyejisifu kwamba hampi kitu, alikuwa na haki gani ya kumsema mtu?

Basi akili yake ikarudi Lindi, pale wanapoanika samaki, alikokulia paka huyu. Alfani, mchuuzi kutoka Nyasa, alikuwa ameshusha mizigo sokoni siku ileile, usipa mkavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwamvua akachukua ungo mpya akaenda kubadilishana. Alfani aliposikia ni chakula cha paka akacheka, akamzolea chengachenga za chini ya gunia, akasema paka hachagui.

Kumbe paka anachagua. Shaushi alinusa mara moja, akageuka, akaanza kuparua ardhi kando yake kama anayefukia uchafu. Mwamvua aliona aibu kana kwamba ni yeye aliyekaripiwa. Akatia chenga moja mdomoni mwake mwenyewe. Mchanga, chumvi kali, na uchungu wa samaki aliyeoza kabla ya kuanikwa. Akazifunga zote, akarudi nazo sokoni, na safari hii ulimi wake aliubeba mzima mzima.

Alimwambia Alfani mbele ya wateja wake kwamba paka huyu analinda uhai wa nyumba saba, na kama yeye nyumbani kwake mlinzi hulishwa mchanga, basi amrudishie ungo wake. Alfani, jasho likimtoka, akafungua mzigo wa pili, wa usipa walioanikwa juu ya vichanja. Mwamvua akachukua muda wake. Alimvunja mmoja asikie kama anakatika kwa mlio, akawasugua wengine kati ya viganja aone kama watatoa mchanga, akatazama tumbo kama halikupasuka na ngozi kama bado inang'aa, akaramba asikie chumvi. Watu wakamcheka. Kisha mmoja wao naye akavunja wake, mwingine akaramba, na kabla ya alasiri kwisha chengachenga za Alfani hazikuwa na mnunuzi sokoni pale.

Jioni aliwaita wenye mbegu wote. Hakumtaja mtu aliyemwona wala alichokisikia. Alisema tu kwamba nyumba ni saba na siku ni saba. Hakuna anayekatazwa kumlisha Shaushi, ila kila nyumba ina siku yake, na chakula ni kiganja kimoja cha usipa safi asubuhi, pamoja na maji. Ugali, boga na togwa ni vya watu. Pankrasi akauliza kama siku yake inaweza kuwa ya kwanza. Akapewa Jumatatu, na habari ya kuondoa mbegu Jumapili ikipita haikutajwa tena.

Wiki mbili zilitosha. Manyoya yalirudi, kiuno kikarudi, na asubuhi moja Mwamvua akakuta panya wanne wamepangwa mstari mmoja mlangoni. Akapiga vigelegele peke yake.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, nyumba saba zilikuja na majembe kufungua vihenge. Mwamvua aliingiza mkono katika kila kimoja, na kila kimoja kilikuwa kimejaa, mbegu kavu, nzima, zenye kuteleza vidoleni. Notburga alilia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Watu walikuwapo wote isipokuwa Pankrasi. Shaushi naye hakuonekana tangu jana yake. Wakakibeba kihenge cha Pankrasi, wakamfuata nyumbani kwake.

Walimkuta amekaa mlangoni, kifua wazi, mlango ameuegesha nyuma yake.

"Mimi shambani siendi leo, mtani," alimwambia Mwamvua. "Nina mzazi ndani."

Wakachungulia. Juu ya shati lake la Jumapili Shaushi alikuwa amejilaza, na tumboni pake watoto wanne, wawili wa kijivu kama mama yao na wawili weupe kama dume la paka la Mdachi wa kule boma. Katika nyumba zote saba alikuwa amechagua hii. Mtu mmoja akasema kumbe Mdachi amepata wakwe, na kicheko kikapasuka ambacho mtaa ule haukukisikia tangu kabla ya vita. Pankrasi akawanyamazisha kwa kidole, akisema watoto wamelala.

Sasa, kwa desturi ya mtaa ule, nyumba yenye mzazi haishiki jembe siku saba, majirani huilimia. Desturi hiyo haikusema lolote juu ya paka. Watu wakamtazama Mwamvua, ambaye ulimi haukuwahi kumkosa, na Mwamvua akampa Pankrasi mkono kama anavyopewa baba.

"Hongera, mwenye nyumba," alisema. "Usipa nitaleta mimi."

Kisha akajitwika kihenge, akatangulia njia. Wakaanza na shamba la Pankrasi, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na watoto.